Je, wajua kwa nini nakala moja haitoshi kuilinda faili ya mipangilio?

Anayetumia Vim au Emacs, programu za kuhariri maandishi, kila siku huwa na faili moja anayoithamini sana: .vimrc kwa wa Vim, init.el kwa wa Emacs. Humo zimo rangi, njia za mkato za kibodi na amri ndogondogo zilizokusanywa kwa miaka. Ikipotea, programu hufunguka kama ndiyo kwanza imewekwa kwenye kompyuta.

Programu zote mbili zinajua kuweka nakala. Emacs hufanya hivyo bila kuambiwa: ukihifadhi init.el, toleo la awali hubaki pembeni kwa jina init.el~. Vim nayo hunakili faili kabla ya kuandika juu yake, ila uandishi ukikamilika salama huifuta nakala hiyo, maana ilikuwa kinga ya hitilafu inayotokea katikati ya kuhifadhi. Ukitaka ibaki, andika set backup ndani ya .vimrc.

Mbona basi watu bado wanapoteza mipangilio yao? Tatizo ni wakati kosa linapojitokeza. Ukikosea kwenye barua, unaliona palepale. Faili ya mipangilio kwa kawaida husomwa programu inapoanza. Unaweza kufuta mstari muhimu asubuhi, ukahifadhi mabadiliko mengine mchana kutwa, usigundue chochote hadi utakapoifunga Vim na kuifungua tena. Kufikia hapo .vimrc~, yaani nakala inayobakizwa na set backup, imeshaandikwa upya kila ulipohifadhi, na kosa limo ndani yake pia. Emacs ina nafuu kidogo, kwa kuwa huweka nakala pale tu unapohifadhi kwa mara ya kwanza baada ya kufungua faili. Lakini ukiifunga, ukaifungua tena na kuhifadhi, toleo lisilo na kosa limekwenda.

Kinachohitajika ni nakala nyingi, kila moja na jina lake. Kwenye Vim mistari hii inatosha:

set backup
set backupdir=~/.vim/nakala
autocmd BufWritePre * let &backupext = '-' . strftime('%Y%m%d-%H%M%S')

Folda iundwe kwanza. Kuanzia hapo kila nakala hubeba tarehe na saa, na Vim haifuti za zamani. Kuzipunguza ni kazi yako. Kwenye Emacs weka (setq version-control t) ndani ya init.el, upate init.el.~1~, init.el.~2~ na kuendelea. Kwa kawaida hulenga kubakiza 2 za mwanzo na 2 za karibuni. Naona ni chache mno. Pandisha kept-new-versions, yaani idadi ya nakala za karibuni, hadi 10.

Wengi hutumia Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, na ni uamuzi mzuri. Ila kuna jambo ambalo kila mtumiaji wa Emacs anapaswa kulijua: ikikuta faili inasimamiwa na Git, Emacs huacha kutengeneza init.el~, ikichukulia kwamba Git inatosha. Git haiweki toleo jipya kwenye historia yake mpaka uiagize. Asiyeiagiza hubaki bila nakala mpya ya upande wowote. (setq vc-make-backup-files t) huirudisha kinga ya kwanza.

Zote hizi zikikaa kwenye diski moja zitakufa nayo, kwa hiyo tuma hazina yako ya Git (faili pamoja na historia yake) kwenye kompyuta nyingine pia. Kabla ya kutuma, toa nywila zote zilizomo, tena mapema: ukizifuta baada ya kuziingiza kwenye Git, bado zitasomeka kwenye historia.