Kwa nini hatuwezi kununua matibabu kama tunavyonunua viatu?

Ukienda kununua viatu, unavivaa, unatembea hatua mbili tatu, vikibana unaviacha. Muuzaji atavisifu mpaka koo limkauke, lakini mguu ni wako. Sasa mfikirie mtu mwenye maumivu ya tumbo aliyeketi mbele ya daktari. Hajui anaumwa nini, wala kama kipimo alichoandikiwa kina faida. Hata akipona, hawezi kusema kwa hakika kama ni dawa iliyomponya au tumbo lingetulia lenyewe. Na anayemwambia anahitaji nini, mara nyingi ndiye atakayelipwa kwa kumpatia.

Mchumi wa Marekani Kenneth Arrow aliliandikia jambo hili makala mwaka 1963, na hadi leo wanaosomea uchumi wa afya huanzia hapo. Alionyesha kwamba soko la tiba linasumbuliwa na kutojua: hatujui tutaugua lini, na hatujui tiba itafaa kiasi gani. Katika hilo la pili, daktari anajua mengi kuliko mgonjwa. Ndiyo maana tunadai kwake mambo tusiyomdai muuza viatu, kama leseni na maadili yanayomtaka aweke afya ya mgonjwa mbele ya kipato chake. Masharti hayo yanashika nafasi ambayo bei peke yake haiwezi kuishika.

Hata hivyo namna ya kulipa haiachi kumvuta daktari upande mmoja au mwingine. Daktari akilipwa kwa kila huduma, huduma huongezeka. Akipewa kiasi kimoja kwa mwaka kwa kila mtu aliyeandikishwa kwake, faida inahamia kwenye kufanya kidogo. Mwaka 1973 John Wennberg na Alan Gittelsohn walichapisha utafiti kuhusu jimbo la Vermont, Marekani. Waligundua kuwa upasuaji wa kuondoa tonsili katika maeneo fulani ulifanyika zaidi ya mara 10 kuliko maeneo mengine ya jimbo hilohilo. Koo za watu hazitofautiani kiasi hicho. Sidhani tuwaite madaktari wale wezi. Pale ambapo sayansi haijatoa jibu moja, mazoea huamua, na ni vigumu mtu kuyatilia shaka mazoea yanayomlipa.

Kwenye bima mambo yanageuka: hapa mgonjwa ndiye anayejua zaidi. Mtu anayehisi mwili wake unadhoofika hukimbilia kujiunga, na mwenye nguvu zake husubiri. Kampuni haiwezi kuwatenganisha, kwa hiyo inapandisha ada kwa wote. Ada ikipanda, wazima wachache waliobaki wanajitoa, wanabaki wagonjwa, ada inapanda tena. Ndiyo sababu nchi nyingi zimefanya bima ya afya kuwa ya lazima, au zinaigharamia kwa kodi.

Wapo wanaosema suluhisho la huduma zisizo za lazima ni kumfanya mgonjwa achangie kutoka mfukoni, ili afikiri mara mbili kabla ya kwenda hospitali. Hoja hiyo ilijaribiwa kwa uzito Marekani kati ya 1974 na 1982, katika jaribio la taasisi ya utafiti ya RAND. Familia ziligawiwa kwa bahati nasibu: nyingine zilitibiwa bure, nyingine zilichangia viwango mbalimbali. Waliochangia walitumia huduma chache, kama ilivyotarajiwa. Lakini walipunguza matibabu yenye manufaa kwa kiasi kilekile walichopunguza yasiyo na manufaa. Hilo linanigusa kuliko matokeo yote mengine, kwa sababu linaturudisha kwa yule mwenye maumivu ya tumbo: bei ilimwambia apunguze, haikumwambia apunguze nini. Kwa wastani afya za makundi hayo hazikutofautiana sana. Walioumia hasa ni watu wa kipato cha chini waliokuwa na shinikizo la damu. Miongoni mwao, waliotibiwa bure walidhibiti shinikizo lao vizuri zaidi kuliko wenzao waliotakiwa kuchangia.