Gari Linapokula Tairi Upande Mmoja: Soma Tairi Kabla ya Kulipia Alaimenti

Wateja wengi hufika gereji wakiwa wamekwisha kuamua tiba: gari linakula tairi, basi lifanyiwe alaimenti, yaani kupangwa upya pembe za magurudumu. Mara nyingi alaimenti huhitajika kweli, lakini ikifanywa juu ya tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) iliyolegea au bushi (mpira wa kwenye maungio ya chini ya gari) iliyopasuka haidumu, kwa sababu vipimo vilivyosomwa gari likiwa limetulia kwenye mashine hubadilika mara tu magurudumu yanapoanza kupambana na barabara. Kwa hiyo mimi huanza na tairi lenyewe, kwa macho na kwa kiganja, kabla ya kugusa spana yoyote.

Kashata, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zikiisha katikati huku kingo mbili zikiwa bado nzima, tairi limekuwa likitembea na upepo uliozidi. Zikiisha kingo zote mbili na katikati kubaki, upepo ulikuwa pungufu kwa muda mrefu. Magari mengi tunayoyapokea kutoka Japani yana kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na ingawa maandishi yake ni ya Kijapani, tarakimu zinasomeka: 220 kPa ni takriban PSI 32, vyote vikiwa vipimo vya upepo. Kipimo hicho ni cha tairi baridi. Tairi lililotembea kwa muda juani husoma juu zaidi, na anayepunguza upepo wakati huo hulikuta pungufu asubuhi yake. Sikubaliani kabisa na desturi ya kujaza PSI 40 kwenye kila gari dogo bila kuangalia kibandiko.

Ulaji wa upande mmoja ndio unaohitaji uangalifu zaidi, hasa wa upande wa ndani, kwa kuwa mwenye gari hauoni. Kata usukani hadi mwisho, kisha uangalie nyuma ya tairi la mbele: nimeona matairi ambayo upande wa nje yalionekana kama mapya, ilhali ndani waya zilikuwa zimeanza kuchomoza. Pitisha kiganja juu ya kashata taratibu, kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa upande umelika lakini uso ni laini kotekote, shuku kemba, yaani gurudumu limelala ndani au nje kwa juu. Ikiwa kiganja kinateleza vizuri kuelekea upande mmoja lakini kinakwaruzwa na ncha kali kikirudi, tatizo ni tou, yaani magurudumu mawili yanaelekeana kupita kiasi kwa mbele au yanaachana. Ncha zikikwaruza unapotoka ndani kwenda nje, magurudumu yanaelekeana mno. Zikikwaruza unapotoka nje kwenda ndani, yanaachana.

Tou ndiyo inayomaliza matairi kwa haraka, na hesabu yake ni nyepesi: gurudumu lililopinda kwa robo ya digrii tu huburuzwa pembeni zaidi ya mita 4 katika kila kilomita moja. Ndiyo maana huwasihi wenye magari waliowekewa spesa (kipande cha kuongeza kimo) juu ya springi ili gari linyanyuke kwa ajili ya barabara mbovu wasiondoke bila kupima upya, kwani kimo kikibadilika, tou na kemba navyo hubadilika.

Tairi lenye mabonde mabonde kuzunguka uso wake lina kisa kingine. Hapo huangalia shokapu zilizochoka, balansi, na beringi yenye mchezo, yaani iliyolegea na kutikisika. Tairi la namna hiyo hunguruma, na wengi hubadilisha bure beringi isiyo na kosa. Sauti ya beringi kwa kawaida hubadilika gari linapoelemea kushoto au kulia, wakati sauti ya tairi hubadilika zaidi unapotoka kwenye lami laini kwenda lami ya kokoto.

Matengenezo yana mpangilio wake. Baada ya kusawazisha upepo, pandisha gari kwa jeki, shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise: mchezo hapo huelekeza kwenye tairodi au reki ya stelingi. Litikise juu na chini: mchezo hapo huelekeza kwenye boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu) au beringi. Badilisha kilichochakaa, angalia bushi za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu, ndipo ulipeleke kwenye mashine, nawe udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Katika magari mengi madogo kemba ya mbele haina marekebisho ya kiwandani, na ekseli ya nyuma ya Toyota Vitz inayoendeshwa na magurudumu mawili ya mbele hairekebishwi kwa kuzungusha nati. Fundi anayekwambia amerekebisha kila kitu kwa dakika chache akuonyeshe alichogusa.

Tairi lililokwisha kulika halirudi kuwa sawa kwa sababu ya alaimenti. Likionyesha waya, au kashata zikifika kwenye vizuizi vidogo vya milimita 1.6 vilivyomo ndani ya mifereji, litoe. Likiwa bado na uhai, lihamishie nyuma, ukizingatia mshale wa mzunguko kama lina mshale, kisha pima kina cha ndani, katikati na nje, uandike pamoja na kilomita za gari. Pima tena baada ya kilomita 2,000: tofauti kati ya pande ikiwa imeongezeka, rudi gereji na karatasi yako ya vipimo mkononi.