Tarakimu tano za mwisho

Karani wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku, kule wilaya ya Sikonge, aliingia dukani kwangu hapa Tabora mjini na flashi kaifunga kwenye pindo la khanga kama hela ya nauli. Mtu mzima, namheshimu. Nikamwamkia.

"Marahaba, fundi. Kompyuta yenu imekula namba za watu."

Nikafungua faili. Wanachama 60 na ushee: jina, kijiji, simu, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Safu ya simu haikuwa na sifuri ya mbele hata moja, 0754 zote zimekuwa 754. Hilo dogo. Msiba ulikuwa safu ya NIDA, ambako kila kisanduku kilikuwa kimeonyesha kitu kama 1.97206E+19. Kijana mmoja akamwelekeza abadili muonekano uwe namba ya kawaida. Akabadili, tarakimu 20 zikajitokeza zote, akashukuru Mungu, akachapisha na kuwasilisha. Orodha ikarudishwa. Wanachama wote, wazee kwa vijana, namba zao zilikuwa zinaishia na 00000.

Kilichotokea ni hiki. Lahajedwali karibu zote, yaani programu za majedwali kama Excel, ukiziandikia tarakimu tupu, zinachukulia kwamba umeleta hesabu. Kwenye hesabu 0754 na 754 ni kitu kimoja, basi sifuri inatupwa. Tena hesabu hiyo inatunzwa kwa tarakimu 15 tu. Kuanzia ya 16 zinawekwa sifuri. Toa 15 kwenye 20 utaona zilikokwenda. Zinapotea palepale unapobonyeza Enter, na hata ukigeuza safu kuwa maandishi baadaye hazirudi, maana hazikuhifadhiwa popote. Angeziandika na vile vistari vyake, kama zilivyo kwenye kitambulisho, zisingeguswa. Yeye aliviacha ili kazi iende haraka.

Nikiwasimulia mafundi wenzangu, jibu lao ni lilelile: si angesoma mwongozo? Kweli kikomo cha tarakimu 15 hakijafichwa. Microsoft wamekiandika wazi kwenye orodha ya mipaka ya Excel. Lakini niambieni, mama huyu angekwenda kutafuta neno gani humo? Mwongozo unamsaidia mwenye swali. Yeye hakuwa na swali. Aliandika namba, akaona namba, akaendelea na mwanachama anayefuata.

Na msiseme ni ushamba wa kompyuta. Wanasayansi wa jeni, watu wa maabara na shahada tatu tatu, walipigwa vilevile. Kulikuwa na jeni zinaitwa MARCH1 na SEPT1. Ukiziandika kwenye Excel zinageuka tarehe za mwezi wa tatu na wa tisa. Makosa hayo yaliingia hadi kwenye makala za kitaalamu zilizochapishwa. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaona heri ibadili majina yenyewe: MARCHF1, SEPTIN1. Swichi ya kuzima ugeuzaji huo ilikuja kwenye Excel mwaka 2023. Yaani ilikuwa rahisi kuzibatiza upya jeni za binadamu kuliko kuisubiri programu iache ujuaji.

Siwachukii waandishi wa miongozo. Mtu akitaka kuunganisha barua 300 na orodha ya majina, au kujumlisha mauzo ya msimu kwa kijiji na kwa mwezi, namwambia akae chini asome, au akae na anayejua. Hata bao huwezi kulijua kwa kutazama kete tu. Hapo mtu anajua anachokitafuta. Ugomvi wangu ni na programu inayobadilisha kazi ya mtu bila kumuuliza, halafu ikijitetea kwamba ilishaandika mahali.

Mama huyuhuyu anatuma pesa kwa *150*00# tangu zamani na hajawahi kusoma karatasi yoyote ya M-Pesa. Menyu ni fupi, ina namba, ipo kwa Kiswahili, na kabla pesa haijatoka inamwonyesha ni nani anatumiwa na kiasi gani. Lahajedwali ingeshindwa nini kusema: "Namba hii ni ndefu, nitakata tano za mwisho, niendelee?"

Tulirudi kwenye fomu za karatasi, siku mbili, mimi nasoma yeye anaandika, safu nikiwa nimeshaiweka "Text" kabla ya herufi ya kwanza. Nikamwandikia mistari miwili kwenye kipande cha boksi: safu ya simu na ya NIDA weka "Text" kwanza, ukisahau, tanguliza alama ya ' mbele ya namba.

Mwezi uliofuata nilipita ofisini kwao kurekebisha printa. Kipande kimebandikwa ukutani, na chini yake ameongeza mstari wa tatu kwa kalamu nyekundu: "Soko la 3 siku ya 5 USIANDIKE 3/5. Inaleta mwezi."