AC ya gari imekata? Usikimbilie gesi kabla hujaangalia fyuzi

Oktoba ya Dodoma haina utani. Mvua bado iko mbali, vumbi linapenya hata vioo vikiwa juu, na ukiwa barabarani kutoka Bahi ukishusha kioo unapigwa na upepo kama wa jikoni kwa mama ntilie. Huko ndiko feni ya gari langu ilikozimika. Nilipofika mjini, fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Bosi, hiyo gesi imeisha." Nusura nilipe.

Dhana: AC ikigoma, gesi imeisha.

Gesi haipulizi upepo. Upepo unasukumwa na feni iliyo nyuma ya dashibodi, na feni inakula umeme tu. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: upepo unatoka? Kama umejaribu namba zote za feni na kimya, hata ujaziwe mtungi mzima utaendelea kutoka jasho. Shuku fyuzi, rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) au mota ya feni. Upepo ukitoka lakini wa moto, hapo ndipo habari za gesi na kompresa, pampu inayoisukuma hiyo gesi, zinapoanza, ingawa hata kompresa ina fyuzi yake, mara nyingi ya ampea 7.5 au 10. Feni ikifanya kazi namba kubwa tu na ndogo zikakataa, achana na fyuzi. Hiyo mara nyingi ni rezista, kile kifaa kinachopunguza kasi ya feni.

Dhana: Tafuta fyuzi iliyoandikwa A/C, hakuna nyingine.

Hapa wengi wanapotea, na mimi nilipotea. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi unaweza kukuta maandishi ya Kijapani matupu. Nilipata yenye herufi za kusomeka, nikaiona ya A/C, nikaichomoa: nzima. Pembeni yake kulikuwa na nyingine imeandikwa HEATER. Nikaipita. Hita ya nini Dodoma? Kumbe feni ni ile ile moja, iwe unataka joto au baridi, na kwenye Toyota nyingi fyuzi yake ndiyo hiyo HEATER au HTR, kubwa ya ampea 30 au 40. Tena maboksi huwa zaidi ya moja: lipo la chini ya dashibodi na lipo la kwenye injini, karibu na betri. Angalia yote.

Dhana: Fyuzi iliyoungua unaiona kwa macho.

Wakati mwingine, ndiyo: kijiwaya cha ndani kimekatika na plastiki imepiga weusi. Lakini kipo kijiufa chembamba kama unywele ambacho hata juani hukioni, na fyuzi unairudisha ukiapa ni nzima. Tumia testa, ile yenye taa na klipu. Bana klipu kwenye chuma tupu cha bodi, gusa kwanza nguzo ya chanya ya betri uhakikishe taa yenyewe inawaka. Kisha weka funguo kwenye ON, washa AC na feni. Mgongoni mwa fyuzi ndogo za bapa kuna vitundu viwili vyenye chuma; gusa kimoja, halafu kingine, bila kuichomoa. Taa ikiwaka kote kuwili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imeungua. Isipowaka popote, umeme haujafika hapo, basi rudi nyuma kwenye rilei au fyuzi kuu. Ukitaka kuichomoa, zima funguo kwanza.

Dhana: Weka kubwa zaidi, haitaungua tena.

Haitaungua fyuzi, itaungua waya. Kwa fyuzi ndogo za bapa, nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30: irudi rangi ile ile. Habari za kuunganisha fyuzi kwa karatasi ya pakiti ya sigara usiniambie.

Dhana: Ukishabadilisha, kazi imeisha.

Niliweka mpya ya HEATER, feni ikavuma, nikafurahi. Kesho yake asubuhi ikakata tena. Fyuzi haifi bure. Kuna waya umechubuka unagusa bodi, au mota imekuwa nzito na inavuta umeme kupita kiasi. Safari hii nilikwenda kwa fundi umeme mwingine, mzee asiye na maneno mengi. Alitoa kile kisanduku cha mbele ya abiria, akafungua skrubu tatu, akaishusha feni. Panya alikuwa amehamia humo. Mapanga ya feni yalikuwa yamebanwa na vitambaa vilivyotafunwa na maganda ya karanga, zile nilizonunua njiani nikazimwaga chini ya kiti. Mzee akayakung'uta, akaizungusha feni kwa kidole mpaka ikawa nyepesi, akanitazama. "Karanga zako hizi, mwanangu?"