Nywele nyepesi zinazolala: maswali niliyoulizwa saluni Mwanjelwa

Jumamosi moja ya Julai nilikaa saluni Mwanjelwa, hapa Mbeya, toka saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, nasubiri zamu ya kusukwa. Wakishajua wewe ni nesi, huna mapumziko tena. Huyu anafungua kilemba nimwangalie utosi, yule anavuta nywele za mbele nione zilizobaki. Kilio kilikuwa kimoja: nywele nyepesi, zimelala kichwani, nifanyeje zijae? Mengine niliyajibu palepale, mengine niliomba muda. Haya hapa, pamoja na mawili matatu ya akina mama wa kliniki ya watoto.

Swali: Mimi na mdogo wangu ni tumbo moja. Zake zimejaa kama kichaka, zangu zimelala. Kwa nini?

Jibu: Nywele hujaa kwa mambo matatu: wingi wake, unene wa kila unywele, na namna unavyojikunja. Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000. Hayo yote ni ya kurithi, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kurithi tofauti kabisa, kama mmoja anavyochukua pua ya babu na mwingine ya bibi. Lakini mkunjo ndio wenye kazi kubwa. Nywele za kipilipili husukumana, kila moja inadai nafasi yake, ndiyo maana kichwa huonekana kimejaa hata kama ni nyembamba. Zikinyooshwa, zinalaliana.

Nikawauliza pale saluni, nani ana nywele za dawa? Mikono karibu yote ikapanda. Dawa ya kulainisha huvunja vifungo vya ndani ya unywele, na vikishavunjika havirudi. Unywele unanyooka kweli, lakini umedhoofika, na unakatika kabla haujafika mbali. Kwa hiyo wengi wanaolalamika kwamba nywele zao "hazioti" wanazisingizia. Zinaota, karibu sentimita moja kwa mwezi au pungufu kidogo, ila zinakatikia mwishoni kwa kasi ileile.

Unaweza kujipima mwenyewe. Chukua unywele uliobaki kwenye chanuo, uviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Usipouhisi kabisa, nywele zako ni nyembamba kwa asili. Ukiuhisi kama uzi wa kushonea, wembamba si shida yako. Kisha uangalie ncha zake kwenye mwanga wa dirishani. Ukiwa na kijidoa cheupe upande mmoja, umetoka na mzizi. Usipokuwa nacho, umekatika njiani. Mtu mzima kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, na ukikaa na rasta wiki tano, siku ya kufumua utaona za wiki zote tano kwa pamoja. Usipige yowe.

Swali: Haya, nesi, nyumbani nifanye nini zijae?

Jibu: Anza na kuosha. Huku kwetu baridi ikishashuka kutoka mlima Loleza, mtu anaahirisha kuosha kichwa mpaka mwezi unaisha. Wakati huo mafuta, jasho na vumbi vinajazana kwenye mizizi, na unywele mwembamba hauwezi kubeba mzigo huo. Nywele nyembamba zilizonyooka zioshe kila wiki. Za asili, wiki moja hadi mbili. Shampuu ipake kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, si kwa kucha, na kondishena, ile ya kulainisha baada ya kuosha, ianzie katikati ya nywele kwenda mwisho. Ukiipaka kwenye mizizi umezilaza mwenyewe. Maji yawe ya uvuguvugu. Najua raha ya maji ya moto mwezi wa saba, lakini mgongo uoge hayo, kichwa kiache.

Mafuta ndipo wengi tunapokosea. Niliona dada mmoja anachota mafuta ya mgando kwa vidole vitatu na kuyapaka moja kwa moja utosini. Mafuta ya mgando hayaingii ndani ya unywele, yanakaa juu. Chota ya ukubwa wa punje ya maharage, sugua viganjani mpaka viganja ving'ae, ndipo upitishe kwenye ncha tu. Ukimaliza, kilichobaki paka mikononi.

Kukausha ndiko kunakoamua nywele zitasimama au zitalala, kwa sababu unywele ukikauka unashika umbo uliokaukia. Usizisugue kwa taulo. Zibonyeze kwa tisheti kuukuu ya pamba mpaka zisichuruzike. Mwenye nywele za dawa ainamishe kichwa mbele zikauke zikiwa zimening'inia, au aweke rola kubwa, za utosini azizungushe kuelekea nyuma na juu, na asizitoe kabla hazijakauka kabisa. Rola ikitolewa na unyevu, saa moja baadaye zimelala tena, halafu lawama anapata msusi.

Mwenye nywele za asili asuke mabutu sita hadi nane wakati zina unyevu kidogo, si kulowa, alale nayo. Au azifunge kwa uzi kama bibi zetu walivyofanya, kwa sababu uzi unavuta unywele urefuke bila moto. Asubuhi, zikiwa zimekauka, fumua kwa vidole, kisha chukua chanuo, liingize kwenye mzizi, inua kidogo, toa. Mzizi tu. Ukilivuta mpaka mwisho umetawanya mkunjo wote uliousubiri usiku kucha. Badilisha na njia: ulizozoea kuzigawia kushoto kwa miaka kumi, zigawe kulia. Zitasimama siku hiyohiyo, kwa bei ya bure.

Na ncha zilizochanika zikate. Nywele fupi zilizolingana huonekana nyingi kuliko ndefu zenye mkia wa panya.

Swali: Baridi ya hapa nywele hazikauki. Tukiwasha jiko la mkaa chumbani?

Jibu: Hapana, na hili nalisema kwa ukali. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kinauma, kizunguzungu, usingizi, na mtu haamki. Kila msimu wa baridi nyanda za juu huwa na hatari hii. Osha asubuhi jua likiwa limetoka, ukae uani. Ukitumia draya, iwe ya moto wa wastani, mbali na nywele kama shibiri moja, na isitulie sehemu moja.

Swali: Mzula, ile kofia ya baridi, unaharibu nywele?

Jibu: Unazilaza, na ule wa sufu unazisugua mpaka zinakatika, hasa za mbele na za kisogoni. Usiuvue ukapigwa na baridi bure. Shona kitambaa cha satini ndani yake, au vaa kilemba laini cha satini chini. Fundi cherehani hamalizi hata nusu saa.

Swali: Kitunguu, maji ya mchele, nyonyo, magadi, kipi kinajaza?

Jibu: Kilichotoka nje ya ngozi ya kichwa hakina uhai, kwa hiyo hakuna unachopaka kikakilisha kikanenepa. Kinachoweza kufanyika ni kukifunika kwa muda. Maji ya mchele hufanya hivyo kidogo, yanaacha wanga unaoshikisha nywele, lakini ukizidisha zinakuwa kavu kama majani ya Agosti. Mafuta ya nyonyo ni mazito mno kwa nywele nyepesi na yanaweza kuzisokota zikashindikana kufumuliwa. Tone moja kwenye ncha, basi. Kitunguu kinawasha ngozi, na harufu yake mume atakuuliza. Magadi yaache jikoni. Ngozi ya kichwa ina asidi kidogo, magadi yanaigeuza na kuufumua unywele magamba yake, na hilo "kujaa" unaloliona ni kuharibika.

Kuna dada wa Iringa aliuliza kuhusu kuoshea ulanzi, pombe ya mianzi, kwa kuwa amesikia wengine wanaoshea bia. Ulanzi una sukari. Utapata nywele zinazonata na nzi wa kukusindikiza hadi stendi.

Swali: Mimi najaza kwa rasta na wivingi. Ubaya uko wapi?

Jibu: Ubaya uko kwenye kuvuta. Msusi akimaliza na ukalazimika kumeza panadoli ili ulale, hizo zimekazwa kupita kiasi. Ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa mbele, mzizi unalia. Mwanzoni nywele za pembeni zinakuwa nyembamba, zinabaki vinyweleo vifupi kama vya mtoto mchanga, na ukipumzisha zinarudi. Ukiendelea miaka, ngozi inakuwa laini, inang'aa, matundu hayaonekani tena, na hapo hata dawa haisaidii. Nimewaona wasichana wa miaka 25 wenye paji la uso la bibi.

Mwambie msusi alegeze za mbele, mwambie mapema, si baada ya saa nne za kazi yake. Rasta nene na ndefu zina uzito. Fumua kabla ya wiki nane, pumzisha wiki mbili tatu. Usiweke dawa ya kulainisha leo ukasuka kesho. Na dawa yenyewe ipite wiki 8 hadi 12 kabla ya kurudia, ikiguswa mizizi mipya tu.

Swali: Nimejifungua miezi mitatu iliyopita, zinatoka kwa mafungu. Mama mkwe anasema mtoto "ananivuta nywele".

Jibu: Mama mkwe amekosea sababu. Ukiwa mjamzito nywele nyingi hubaki kichwani muda mrefu kuliko kawaida, ndiyo maana zilijaa vizuri. Ukishajifungua zinaingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi miwili hadi minne zinadondoka kwa pamoja. Kunyonyesha hakuhusiki, usiache. Wengi hurudia hali yao kufikia mtoto kutimiza mwaka. Hivyohivyo baada ya homa kali, upasuaji, au kujinyima kula ili upungue haraka. Nywele hudondoka miezi miwili mitatu baadaye, wakati mtu keshasahau kisa.

Swali: Ni lini niende hospitali badala ya saluni?

Jibu: Zikipungua kichwa kizima na wewe mwenyewe umechoka, moyo unadunda ukipanda kilima, viganja vimepauka, nenda kapime damu. Wanawake wenye hedhi nyingi hupoteza madini ya chuma, na nywele ni kati ya vitu vya kwanza mwili unavyovibana. Mbeya tumejaliwa maharage, mboga za majani, dagaa na maini, lakini tuna kasoro yetu moja: chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma kunyonywa. Sikuambii uache chai ya Rungwe ama ya Mufindi, nitakuwa nakosa adabu. Inywe saa moja kabla ya chakula au baada yake.

Angalia na shingo. Nyanda hizi zilijulikana zamani kwa rovu, yaani uvimbe wa tezi la shingoni, kwa kuwa udongo wa milimani una madini joto kidogo, na tezi hilo likifanya kazi chini ya kiwango nywele hunyonyoka, ngozi inakauka, unasikia baridi kuliko wenzako wote (na wenzako wenyewe wako Mbeya). Tumia chumvi yenye madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua, iweke chakula kikikaribia kuiva. Ukiona uvimbe, vipimo vya tezi vinafanywa kwa damu.

Nenda pia ukiona kiraka cha mviringo kimetokea ghafla, au utosi unawaka moto na kupungua kutokea katikati kwenda nje. Huu wa mwisho hauna subira, kwa sababu makovu yanaziba matundu ya nywele.

Swali: Mtoto wangu ana kiraka chenye magamba, nywele zimekatika kama zimenyolewa.

Jibu: Hayo ni mapunye, ni fangasi. Mafuta ya kupaka pekee hayafiki kwenye mzizi. Anahitaji dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa, kutoka kituo cha afya. Chanuo lake liwe lake, na nduguze wakaguliwe.

Swali: Vidonge vya biotini, ile vitamini, na minoksidili ya kupaka vinavyouzwa mjini vinafaa?

Jibu: Biotini humsaidia aliyepungukiwa nayo, na ni wachache sana. Kama unaimeza, mwambie mtu wa maabara kabla ya kupimwa, kwa sababu dozi kubwa hupotosha baadhi ya majibu, ya tezi hasa. Minoksidili ni dawa kweli, na imethibitika kwa nywele zinazopungua utosini kwa urithi. Kwa wanawake huanzia ya asilimia 2. Si kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi, wengi hapo ndipo huitupa chupa, lakini matokeo huonekana kuanzia mwezi wa nne. Ukiacha, ulichopata kinarudi kilikotoka ndani ya miezi michache, kwa hiyo piga hesabu ya pesa kabla hujanunua ya kwanza. Ipake kwenye ngozi, si kwenye nywele, na unawe mikono vizuri: ikishuka usoni, inaweza kuotesha ndevu.