Kasia halivutwi kwa mikono

Kishwara kikianza kulia, kimwagie maji. Watu wa pwani ndio wanaokiita kishwara, kile kitanzi kinachoshika kasia ubavuni mwa boti. Sisi wa Bukavu, kwenye Ziwa Kivu, tunasema kamba ya kasia, basi, na mafundi wengine siku hizi wanaweka chuma mahali pake. Mimi bado nafunga kamba. Ikikauka inalia kama bawaba ya mlango wa zamani, na kilio hicho kinanieleza anayevuta ni mtu wa namna gani. Kikiwa kirefu na cha kulingana, nakaa kimya. Kikiwa kifupi, cha kushtua, tena na tena, najua nimepakia kijana wa kunyanyua vyuma.

Vijana hao ninao kila Jumapili. Siku za kazi natengeneza boti za mbao. Jumapili asubuhi na mapema, kabla ya misa ya pili, nawatoa watu ziwani kando ya rasi ya La Botte wajifunze kuvuta makasia kwa raha yao tu. Si biashara kubwa. Wengi wanakuja mara moja, wanarudi nyumbani na malengelenge viganjani, na hawaonekani tena. Hao ndio ninaowaandikia, maana kosa lao ni moja na dawa yake haichukui hata saa nzima.

Kwanza tutenganishe kafi na kasia, kwa sababu mjini vyote vinaitwa pagai. Kafi ni huru: unalishika kwa mikono miwili, unatazama mbele, unachota maji ubavuni. Ndivyo wanavyokwenda wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaotoka jioni na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba ili makafi yao yaingie majini pamoja. Kasia limefungwa kwenye boti. Unakaa ukiwa umeupa mgongo uendako, unatazama tezi, yaani nyuma ya boti, na ufuko unaouacha, na kamba ndiyo egemeo la nguvu yako yote. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mvutaji, pima kasia.

Boti ninayoipenda ina upana wa sentimita 130 pale penye kamba. Nusu yake ni 65. Naongeza 5 ili mikono ipishane kidogo mbele ya kifua, napata 70. Hicho ndicho kipande cha kasia kinachobaki ndani ya boti. Nazidisha 70 kwa 25, nagawanya kwa 7, napata 250: urefu wa kasia zima. Likiwa refu kupita hapo, mgongo utajua. Likiwa fupi, utapepeta maji kama mtu anayepepeta mchele. Kamba nazo ziwe kama sentimita 30 kutoka ukingo wa kiti, upande ule unaoutazama, na juu ya kiti kwa sentimita 18 au 20. Boti nyingi ninazoletewa zina kiti kilichopigwa misumari popote fundi alipoona nafasi, halafu mwenyewe analalamika kwamba ziwa ni gumu.

Sasa kosa lenyewe. Kijana anaketi, anakunja viwiko, anaanza kuvuta kwa mikono kama anayeteka maji kisimani. Dakika kumi mikono imekwisha. Mimi namwambia: mikono yako ni kamba tu, na kamba haina misuli. Inyooshe. Inama mbele kutoka nyongani, shusha bapa la kasia majini hadi lifunikwe, si zaidi, kisha sukuma kwa miguu. Ndiyo, miguu. Lazima pawe na mti wa kukanyagia chini. Kama haupo, weka. Miguu ikisukuma, mgongo unafunguka kurudi nyuma, na viwiko vinakunjika mwisho kabisa, pale mpini unapokaribia mbavu. Hapo shusha viganja, bapa litoke majini, na mikono itangulie kurudi mbele.

Halafu usifanye kitu. Hapa ndipo wanaponibishia. Yule wa juzi aliniuliza, "Papa, nikipumzika si itasimama?" Nikamwambia ahesabu moja, mbili, asikilize. Maji yalikuwa yanaendelea kunong'ona chini ya ubao, na ufuko unazidi kuwa mbali nasi. Akacheka. Boti ya mashindano ya mtu mmoja inaruhusiwa kuwa na kilo 14 tu. Kiti chake kinateleza, na kwenye mbio za mita 2,000 wanavuta mara 35 kwa dakika na zaidi. Yangu ni ya mbao za libuyu, na wanaume sita wanaibeba kwa kelele. Kitu kizito namna hiyo ni kigumu kuanza, lakini kikishaanza hakitaki kusimama. Mara 20 kwa dakika zinatosha kabisa. Ukizidisha unaongeza jasho. Mwendo unabaki uleule.

Kwa kuwa huoni mbele, tafuta alama mbili nyuma zilizo kwenye mstari mmoja: tuseme mti wa ufukweni, na nyuma yake kuba la kanisa kuu. Mti ukihama kushoto kwa kuba, umepinda. Kila mivuto mitano hivi geuza shingo, kwa sababu ndoo za watu, watoto wanaoogelea na nyavu havijui kwamba wewe huoni.

Kuhusu ziwa lenyewe, watu wananiuliza sana habari ya gesi. Metani ya Kivu imo kweli, imeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu, huko katikati ya ziwa ambako chini kunapita mita 400. Ghuba letu la Bukavu lina kina cha mita 100 hivi. Mimi siogopi gesi, naogopa upepo. Asubuhi maji yanalala. Mchana upepo unaanza kuingia, na kiangazi, Juni hadi Agosti, unaweza kutoka kusini na kukusukuma mbali na mji bila wewe kuhisi. Kwa hiyo anza safari kwa kwenda kinyume cha upepo, ungali na nguvu, urudi ukisukumwa. Msimu wa mvua, vilima vya upande wa Rwanda vikifichwa na pazia la maji, geuka papo hapo, usimalizie wimbo. Na upande wa mtaa wa Nguba na mdomo wa mto Ruzizi usiende kutalii: mpaka unapita majini, na mto unapotoka ziwani unaanza kuvuta.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza, kamba ya kulia ilikatika nikiwa upande huo huo, kasia likaondoka polepole kama bata. Nikavuta la kushoto kwa hasira. Boti ikazunguka, ikazunguka tena. Mzee mmoja aliyekuwa anatega ndoana akanipigia kelele, "Nenda nyuma! Kaa tezini!" Nikalitia lile lililobaki nyuma, nikalisukasuka kushoto na kulia kama mkia wa samaki, na boti ikaenda, pole lakini ikaenda. Alivyokuwa anacheka, sidhani alivua kitu siku ile. Tangu hapo kamba ya akiba inakaa mfukoni mwangu, na kafi moja chini ya kiti.

Jile la kuokolea ni lazima, hata kwa anayejua kuogelea. Asiyelivaa namwacha ufukweni, awe mdogo wangu, awe mheshimiwa. Mkipinduka, shikeni boti. Mbao inaelea hata ikijaa maji.

Na bidoni, yaani dumu, lililokatwa la kutolea maji botini lisisahaulike, hasa siku ya kwanza. Boti iliyokaa juani wiki mbili itavuja hata kama pamba na lami za kuzibia nyufa nimezipiga mwenyewe, kwa sababu mbao zimesinyaa. Usiniletee kunidai. Izamishe jioni kwenye maji ya magotini, weka mawe mawili ndani, ulale. Asubuhi mbao zitakuwa zimevimba na kubanana. Toa mawe, fua maji, lowanisha kamba.