Orodha ya ruhusa kwenye seva ya barua pepe ni nini?

Ofisi za utalii hapa Arusha zinaijua adha hii. Wakala wa Hamburg anatuma majina ya wageni wanaokuja kupanda Kilimanjaro, namba za pasipoti na siku ya kutua KIA, halafu kimya. Wiki ya pili anapiga simu kuuliza mbona hajajibiwa. Kumbe barua ilishafika, imelala kwenye folda ya taka.

Dawa yake ni orodha ya ruhusa, ambayo mafundi huiita waitilisti: orodha ya watumaji ambao msimamizi ameiagiza seva, yaani kompyuta inayopokea na kutuma barua, iwapokee bila kuwashuku. Unaweza kuandika anwani moja, kikoa kizima, yaani kila anwani yenye jina lilelile baada ya @, au namba ya IP, yaani namba inayoitambulisha seva inayotuma kwenye mtandao.

Kinachofanyika ndani ni hesabu. Chukua SpamAssassin, programu ya bure ya kuchuja barua taka inayotumika kwenye seva nyingi. Kila dalili mbaya, kwa mfano kichwa cha barua chenye herufi kubwa tupu, inaiongezea barua pointi. Zikifika 5, kwa mpangilio wa kawaida, barua inahesabiwa taka. Mtumaji akiwa kwenye orodha anapunguziwa pointi 100. Mia moja! Hata barua iwe na dalili kumi, itapita.

Hapo ndipo ninapowasihi wenzangu. Anwani inayosomeka kwenye "Kutoka" yeyote anaweza kuiandika, maana SMTP, itifaki ya kusafirisha barua pepe iliyochapishwa mwaka 1982, haikuwekewa njia ya kumhakiki mtumaji. Ni kama ukumbi wa harusi ambako mlangoni wanauliza jina tu, hawadai kadi: taja jina la aliyechanga, unakaa mezani. Tapeli akijua umeiruhusu anwani ya wakala wako, atakuletea ankara kwa jina hilohilo, yenye akaunti nyingine ya benki, na hakuna kitakachomzuia.

Kadi zenyewe zipo. Kwa SPF, mwenye kikoa hutangaza kwenye DNS, daftari la vikoa la mtandao, seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. DKIM ni muhuri wa kidijitali unaogongwa kwenye kila barua. Ndiyo maana SpamAssassin ina amri mbili tofauti: whitelist_from inatazama jina peke yake, na whitelist_auth, ambayo tangu toleo la 4.0 inaitwa welcomelist_auth, inatoa ruhusa pale tu SPF au DKIM inapothibitisha. Ile ya kwanza nimeacha kabisa kuitumia.

Tena usiruhusu gmail.com nzima, hata matapeli wana anwani huko. Wala usiandike kikoa cha ofisi yako, kwa sababu barua ya uongo iliyovaa jina la bosi ndiyo itakayoingia kwanza.

Kabla ya kumwandika mtu, fungua barua yake ya zamani, tazama vichwa vyake vyote, yaani mistari ya kiufundi ambayo kwa kawaida hufichwa, na utafute mstari wa Authentication-Results. Ukikuta dkim=pass, yaani muhuri umethibitika, na kikoa kilichotajwa hapo ni chake kweli, mwandike. Usipokuta, mwombe fundi wake aweke DKIM kwanza.